Vipimo vyote safi, mwili unauma mwaka wa pili huu, na kazi siwezi kuacha. Wenzangu mnawezaje?

#1 Mwl Tunu
Habari zenu wakuu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, mkoa nauhifadhi. Umri 38, watoto wawili. Tangu mwaka juzi mwezi wa sita mwili wangu mzima unauma. Si goti, si kiuno, ni mzima: shingo, mabega, mapaja, hadi nyayo. Mtu akinisalimia kwa kunibana mkono nasikia kama kanigusa jipu. Usiku nalala vizuri tu, asubuhi naamka kama mtu aliyekesha anatwanga mahindi.

Nimetibiwa taifodi mara nne. UTI sihesabu tena. Malaria nimemeza dawa zake hata kipimo kikisema hakuna. Nimepima damu, sukari, VVU, figo, eksirei ya mgongo. Safi, safi, safi. Mwezi wa pili mwaka huu daktari bingwa akanibonyezabonyeza, akauliza maswali mengi, mwisho akasema ni fibromialjia. Akaniandikia amitriptilini ya usiku na kuniambia nifanye mazoezi. Duka la dawa kijana akaisoma karatasi akauliza, "Hii ya mgonjwa wa akili ni ya nani?" Nikamwambia ya shangazi.

Sasa kazi. Darasa la nne ninao 94. Nikiandika ubaoni, mstari wa tatu mkono unatetemeka, wa tano naushusha kama si wangu. Juzi nafundisha sehemu, nimesimama mbele ya watoto natafuta ile namba ya chini inaitwaje. Imepotea kabisa. Mtoto wa dawati la mbele akasema taratibu, "Asili, mwalimu." Nilicheka nao ila nilipotoka nililia chooni.

Na mwalimu mkuu kashaanza: "Mwalimu Tunu, ugonjwa wako mbona unapenda Jumatatu?"

Mnaoishi na hali hii mnafanyaje kazi? Na hiki kitu kipo kweli, au daktari alinichoka?

#2 Msumeno
Fibro nini? Mimi nilidhani winga mpya wa Ureno.

Pole mwalimu, natania. Nakaa hapa nisome.

#3 Shangazi wa Songea
Pole mwanangu. Kabla hujalizoea hilo jina refu, kapime tezi la shingo (thairoidi) na vitamini D. Mimi nilichoka hivyo hivyo miaka mitatu, nywele zinakatika, mwili unauma, naambiwa ni utu uzima. Kumbe thairoidi imelala. Nameza kidonge kimoja kila asubuhi, na shamba nalima.

#4 Mzee Ngosha
Hiyo ni baridi yabisi, mnaipamba majina. Mama zetu walikuwa nayo na walilima ekari tatu kwa jembe la mkono. Chemsha tangawizi, jikande maji ya moto, acha kulala chini ya feni.

#5 Tabibu wa Zamu
Shikamoo Mzee Ngosha. Heshima yako iko palepale, ila hapo hapana.

Baridi yabisi inavimbisha viungo, asubuhi vidole havikunji, na ikiachwa inakula mfupa mpaka vidole vinapinda. Mara nyingi damu au eksirei inaonyesha. Fibromialjia haivimbishi kitu na haiharibu kiungo. Kasoro iko kwenye namna mishipa ya fahamu na ubongo vinavyopokea maumivu. Fikiria ile alamu ya gari la jirani: paka akipita tu inapiga kelele mtaa mzima unaamka. Gari halijaibiwa, lakini kelele ni za kweli na usingizi umekatika kweli.

Kipimo cha maabara cha kuithibitisha hakipo. Zamani, kwa vigezo vya 1990, daktari alibonyeza sehemu 18 za mwili, zikiuma 11 ndipo jina linatolewa. 2010 wakabadilisha, sasa zinahesabiwa sehemu ngapi zinauma, uchovu ukoje, usingizi ukoje, na kichwa kinasahau kiasi gani, kwa miezi 3 au zaidi. Kwa hiyo mwalimu, kusahau "asili" kumo kwenye orodha. Na Shangazi #3 yuko sahihi: thairoidi, upungufu wa damu na vitamini D vipimwe, kwa sababu vinaweza kufanana nayo, na mtu anaweza kuwa navyo vyote kwa pamoja.

Hiyo amitriptilini asili yake ni dawa ya sonona. Kwa dozi ndogo ya usiku inatumika kwa maumivu na usingizi. Si ya kichaa. Yule kijana wa duka alipaswa kunyamaza.

#6 Kipanga wa Mbagala
Mnazunguka mbuyu tu. Vipimo vyote safi, mwili unauma, kazini bosi kakugeuka. Mnataka ishara gani nyingine? Mwalimu, ulihamia shule hiyo lini, na uliyempokea nafasi yuko wapi?

#7 Msumeno
Kipanga bwana. Hata simu yake ikiisha chaji anaangalia nani kapita nyuma ya nyumba.

#8 Bi Mkubwa Kisauni
Pole sana mwenzangu. Mimi niko Mombasa, kazi yangu ushoni. Yangu ilianza na chikungunya, ile homa ya mbu ya mwanzo wa 2018, mtaa wetu mzima tulikuwa tukitembea tumeinama kama tunatafuta sindano. Homa ikaondoka, wenzangu wakapona, mimi maumivu yakakaa. Kwanza viungo, halafu yakaenea hadi kwenye nyama. Daktari alinambia chikungunya ndiyo iliyofungua mlango.

Kazi sikuacha, ningekula nini? Nilibadilisha mpango. Kukata nguo nakata asubuhi baada ya chai, mkono ukiwa bado na nguvu. Kupiga cherehani ni baada ya adhuhuri. Dera nilikuwa nikimaliza kikao kimoja. Sasa nashona bega, nainuka, natembea mpaka mlangoni, narudi, nashona ubavu. Cherehani ya kukanyaga nimempa binti ya dadangu, nimenunua ya mota. Na kabla ya Idi sipokei nguo zaidi ya zile niwezazo, hata mteja akinuna. Mwaka wa kwanza nilipokea zote, siku ya Idi nilikuwa kitandani nasikia takbiri dirishani.

#9 Msumeno
Bi Mkubwa, kumbe chikungunya ni neno la Kiswahili? "Kungunya" mbona kama la Pwani.

#10 Mmachinga Halisi
La Pwani wapi! Hilo ni neno la Kimakonde, maana yake ni kupinda, kujikunja. Ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza kwetu Kusini, uwanda wa Makonde, mlipuko wa 1952. Ni kitu chetu kilichofika mpaka India na Brazil bila pasipoti na bado mnatunyang'anya. Korosho mmechukua, gesi mmechukua, tuachieni hata homa.

#11 Mfugaji wa Kiteto
Mwalimu unakunywa maziwa mabichi? Pima brusela. Nimehangaika mwaka mzima mgongo na viungo, jasho la usiku shuka linalowa, nameza dawa za taifodi. Kumbe ni ule ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba. Nilimeza dawa wiki sita, nikarudi malishoni.

#12 Mwl Tunu
Asanteni wote. Maziwa nachemsha, Mfugaji, na homa sina. Thairoidi nilipimwa, iko sawa. Vitamini D sijapimwa.

Kipanga, kwa taarifa yako mama mkwe alishanipeleka. Kuku wawili wameondoka, maumivu yamebaki.

Bi Mkubwa, hiyo ya takbiri dirishani imenigusa. Mimi ilikuwa mahafali ya darasa la saba.

#13 Deiwaka 150cc
Watu wanasema ni ugonjwa wa wanawake. Mimi mwanaume, dereva bodaboda, ninao. Mwaka mzima nilikuwa naficha kijiweni, nikiulizwa nasema nilianguka.

Nilivyojifunza: pikipiki ina rizevu. Mafuta yakiisha unageuza koki, unafika kituoni. Lakini ukizoea kutembelea rizevu kila siku, siku moja itakuzimikia Kimara kwenye mlima na abiria mgongoni. Mimi nilikuwa natembelea rizevu. Sasa napeleka wanafunzi asubuhi, saa tatu mpaka saa sita nalala, narudi barabarani mpaka saa moja jioni. Za usiku sipokei kabisa. Hela imepungua, siwadanganyi, karibu nusu. Ila wiki hainikati tena katikati.

Angalizo kwa wanaoendesha: nilipewa pregabalini, siku ya pili kwenye taa nyekundu nikasinzia. Nimesimama, mguu chini, nikasinzia! Honi ndiyo iliyoniamsha. Nilitupa dawa siku hiyohiyo.

#14 Tabibu wa Zamu
Deiwaka, kusinzia na kizunguzungu ni tabia ya hiyo dawa, hasa mwanzoni, na mtu anayeendesha alitakiwa kuonywa. Lakini msiige kutupa. Ukiwa umeitumia kwa muda, pregabalini inapunguzwa kidogo kidogo kwa usimamizi wa daktari. Kuikata ghafla kuna shida zake.

Na ni kweli, wanaume wapo. Wanaogunduliwa zaidi ni wanawake, ila nadhani wengine wako kama wewe, "walianguka".

#15 Chumvi ya Uvinza
Mnasumbuka na mavidonge. Mimi mwili ukikaza naenda duka la dawa nachoma diklofenaki, siku mbili niko poa, nabeba mizigo.

#16 Tabibu wa Zamu
Mara ngapi kwa mwezi?

#17 Chumvi ya Uvinza
Kila wiki. Wiki ngumu mbili.

#18 Tabibu wa Zamu
Ndugu yangu, nakuomba kapime figo na usikilizie tumbo lako. Dawa za jamii hiyo zikitumiwa mfululizo zinaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Halafu kwa fibromialjia yenyewe hazisaidii sana, kwa sababu hakuna uvimbe wa kuutuliza. Huenda wewe una kitu kingine kabisa, mgongo wa kubeba mizigo kwa mfano. Muone mtu akupime.

#19 Kipanga wa Mbagala
Mwalimu mtumishi wa umma huyu anahangaika bure. Sheria inampa siku 126 za ugonjwa kwa mwaka. Apumzike, mshahara unaingia.

#20 Wakili Mchanga
Kipanga, siku 126 ni sahihi, "kwa mwaka" si sahihi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema ni siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara. Na lazima uwe na cheti cha daktari, si kusema "naumwa" kwa simu. Ukizimaliza zote mwaka wa kwanza, miwili inayobaki utaisoma namba.

#21 Afisa Masijala
Naongezea. Yeye ni mtumishi wa umma, asianze na kifungu, aanze na Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma na afisa utumishi wa halmashauri yake. Mwalimu, hiyo ripoti ya daktari bingwa iko kwenye jalada lako? Kama iko kwenye mkoba nyumbani, kwa ofisi wewe ni mzima. Peleka nakala kwa barua, ipigwe mhuri wa kupokelewa, yako baki nayo. Nimeona watu wakiandikiwa utoro kwa sababu walimwambia mkuu kwa mdomo, mkuu akahama.

#22 Bi Mkubwa Kisauni
Huku Kenya sheria ya 2007 inampa mfanyakazi siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu, baada ya kutumika miezi miwili. Hizo 126 zenu mwazionea uvivu! Nasi tulojiajiri mshahara wa ugonjwa ni salamu za majirani.

#23 Nesi wa Usiku
Nimesoma uzi wote kwenye zamu, wodi imetulia.

Mimi ninayo mwaka wa sita. Sikubaliani na chikungunya wala vitamini. Yangu ilianza miezi minne baada ya kumzika mama. Nilimuuguza mwaka na nusu, silali, zamu za usiku, mchana hospitali nyingine niko naye. Siku arobaini ilipopita mwili ukakataa. Ninavyoona mimi, usingizi uliokopwa ndio unaodaiwa.

Kosa langu kubwa lilikuwa siku nzuri, si siku mbaya. Naamka Jumamosi sina maumivu, basi nafua mapazia yote, naosha zulia, napika pilau la ukoo. Jumapili mpaka Jumanne siinuki, Jumatano kazini wananiona natembea kwa kushika ukuta. Ilinichukua miaka miwili kugundua kwamba mapazia ndiyo yalikuwa yanakula siku zangu za kazi. Sasa siku nzuri nafua pazia moja. Moja! Linaning'inia jeupe peke yake dirishani, wageni wanashangaa.

Kazini niliomba nitolewe kwenye mzunguko wa usiku. Nilikataliwa mara mbili, mara ya tatu matroni mpya akakubali nibaki na usiku wiki moja kwa mwezi. Leo ndiyo hiyo wiki, kama mnavyoona.

#24 Mzee Ngosha
Nesi, pole kwa mama. Hapo kwenye kuuguza umesema neno. Mke wangu alikuwa hivyo baada ya kumzika kitinda mimba wetu. Sisi tuliita ni moyo.

#25 Msumeno
Mzee leo kaingia upole, uzi umekuwa mzito. Wepesi kidogo: Lady Gaga naye anayo, 2017 aliahirisha ziara yake ya Ulaya kwa maumivu haya haya. Na yule mzee Morgan Freeman alishasema anayo. Mwalimu uko na watu wazito.

#26 Deiwaka 150cc
Gaga akifuta ziara anabaki Gaga. Mimi nikifuta siku moja, mwenye pikipiki anataka hesabu yake saa mbili usiku.

#27 Shangazi wa Songea
Hapo umepiga penyewe mwanangu.

#28 Mwl Tunu
Tabibu, swali. "Fanya mazoezi" ndiyo nini hasa? Nilijiunga na akina mama wa kukimbia uwanjani alfajiri. Siku ya kwanza nikazunguka mara nne kwa aibu ya kuachwa nyuma. Nililala siku tatu. Nimechukia neno lenyewe.

#29 Tabibu wa Zamu
Uliingia kwa mlango wa mwisho. Mapendekezo ya chama cha Ulaya cha madaktari wa magonjwa ya viungo, ya 2016, katika yote waliyoyapima ni mazoezi pekee yaliyopewa uzito wa juu kabisa. Dawa zilipewa uzito mdogo. Lakini si ya mashindano. Tembea dakika 5, kila siku, wiki nzima, hata ukijiona unaweza 20. Wiki inayofuata 6 au 7. Ukizidiwa rudi nyuma hatua moja, usiache.

#30 Nesi wa Usiku
Nakazia "hata ukijiona unaweza 20". Hapo ndipo mapazia yanapoingilia.

#31 Chumvi ya Uvinza
Mimi kazi yangu kubeba magunia, hayo si mazoezi? Mbona ndiyo yanayoniua?

#32 Mmachinga Halisi
Kazi ni kazi, mazoezi ni mazoezi. Gunia halikuulizi leo unajisikiaje.

#33 Kipanga wa Mbagala
Narudi kwenye hoja yangu. Mmetaja thairoidi, mbu, ng'ombe, msiba, usingizi, mishipa. Sababu sita kwa ugonjwa mmoja! Nikiwaletea ya saba, yangu, mnasema sijasoma.

#34 Tabibu wa Zamu
Hahaha. Kipanga, kwa hilo siwezi kukucheka sana. Inajulikana inaweza kufuata maambukizi, ajali, msongo mkubwa, kukosa usingizi, na inaonekana kwenye familia pia. Kwa nini huyu impate na jirani yake wa chikungunya ileile isimpate, hapo hatuna jibu moja. Ila kuku warudishwe kwa Mwl Tunu.

#35 Bi Mkubwa Kisauni
Nesi anasema msiba, mimi nasema mbu. Huenda kila mtu na mlango wake. Mimi wangu naujua, niliuona ukifunguka.

#36 Mwl Tunu
Wakuu nimerudi, siku kumi zimepita.

Barua nimeipeleka, mhuri ninao, asante Afisa Masijala. Mwalimu mkuu kaisoma mara mbili, akauliza, "Kwa hiyo hii haipo kwenye damu?" Nikamwambia haipo. Akaiweka kwenye droo. Za Jumatatu hajasema tena, ila simwamini bado.

Ubaoni nimempa monita. Nasoma, yeye anaandika, ana mwandiko mzuri kuliko wangu na sasa anajiona naibu mkuu wa shule. Madaftari 94 nilikuwa nayabeba nyumbani kwenye kiroba. Sasa zoezi la hesabu wanabadilishana wanasahihishana, mimi napitia yale ishirini ya wanaosuasua. Amitriptilini nilikuwa nameza saa nne usiku na kuamka nimelewa. Daktari kaniambia niivute hadi saa mbili, angalau saa kumi na mbili asubuhi nafumbua macho yote mawili. Kutembea niko dakika 7. Maumivu yapo palepale, sitawadanganya, lakini Ijumaa nimefika nyumbani nimeweza kumsuka binti yangu.

Na nimechongesha kiti kirefu, nafundisha nimekaa.

#37 Deiwaka 150cc
Hongera mwalimu. Saba si haba.

#38 Nesi wa Usiku
Kiti kirefu cha namna gani? Nataka cha kwenye chumba cha dawa, tunasimama masaa mawili tunagawa.

#39 Msumeno
Nesi usimwambie fundi ni cha hospitali, bei inapanda.

#40 Mwl Tunu
Ni kama vile vya kaunta, ila kina egemeo. Mbao za paini, fundi wa karibu na stendi kanichaji elfu ishirini na tano. Mwambie akupime kabisa ukiwa umevaa viatu vya kazini, maana changu mara ya kwanza kilikuwa kirefu miguu inaning'inia, watoto wakacheka. Alipokipunguza akakata mguu mmoja zaidi, sasa kinachezacheza. Nimekunja kipande cha boksi la chaki nimeweka chini yake. Kengele imelia, naingia kipindi, mengine jioni.